Ramani ya boti ya doria ya wakati wa vita: unaitafuta wapi na unaikagua vipi kabla hujashika msumeno

Assalaam alaykum jamani. Kila nikiishusha ile boti yangu ndogo ya mfano, ya kijivu, pale Kizingo, jioni maji yakiwa yametulia, lazima atokee mtu aniulize sheikh hii umeinunua wapi, nikimwambia nimeiunda mwenyewe swali linalofata ni ramani umepata wapi. Hapo jibu la dakika mbili sina, mana kuitafuta ramani kulinichukua muda mrefu kuliko kuiunda boti yenyewe. Nimekaa nimeandika yote hapa, anaetaka kuanza aanze bila kupitia nilikopita mie.

Kitu cha mwanzo ni kuchagua boti, na hapa ndo wengi tunapotea. Tunachagua kwa moyo kisha tunaanza kutafuta karatasi. Mie moyo wangu ulikuwa kwenye Helmuth. Wengi wetu tumeisikia habari ya Pegasus, tarehe 20 Septemba 1914 alfajiri, manowari ya Kijerumani Königsberg ilivokuja ikaikuta hiyo Pegasus, manowari ya Kiingereza, imetia nanga hapa hapa bandarini Unguja inatengenezwa mashine, ikaipiga mpaka ikazama, na mabaharia waliokufa makaburi yao yapo Chapwani mpaka leo. Sasa kwenye mlango wa kusini siku ile kulikuwa na kiboti kinalinda, ndo hiyo Helmuth, tagi (kiboti cha kuvuta meli) ya Wajerumani ambayo Waingereza waliiteka wakaifanya ya doria. Nikasema hii ndo yangu, boti ya vita iliyokuwa ikizunguka kwenye maji ninayoyaona kila siku. Nimetafuta miezi, nimepata kutajwa kwake kwenye habari za vita, lakini mchoro wa umbo lake, hata kipande, sikupata. Kwa hivo nawaambia mapema, boti yako ya kwanza ichague kwa makaratasi yake. Ile unayoipenda iweke, utaifanya ya pili au ya tatu ukishajua kusoma mistari.

Boti zenye makaratasi mengi ni za vita vya pili, kwa sababu zilitengenezwa kwa mamia kwa mchoro mmoja, na kila yadi ya kuundia boti iliyopewa kazi ilibidi ipewe ramani. Za kuangalia ni tatu hivi. Kuna Fairmile B ya Kiingereza, futi 112, zilitengenezwa kama 650 Uingereza na nchi nyengine kama Canada na Australia, vipande vyake vilikuwa vinakatwa kiwandani vinapelekwa yadi kuunganishwa, mataruma yake, ile mifupa ya ubavuni, ya plaiwudi. Kuna PT za Kimarekani, yaani boti za kasi za torpedo, inayojulikana zaidi ni ya kampuni ya Elco futi 80, ndo aina ya ile PT-109 ya John F. Kennedy iliyogongwa na manowari ya Kijapani Agosti 1943 visiwa vya Solomon. Halafu kuna ile niliyoichukua mie, Harbour Defence Motor Launch, watu wanafupisha HDML, futi 72 kwa upana wa karibu futi 16, ilichorwa 1939 kwa ajili ya kulinda bandari na kusaka nyambizi karibu na pwani, zikamalizwa zaidi ya 400. Ina tumbo la mviringo na mwendo wake wa taratibu, noti (maili za baharini kwa saa) kama 12 tu, na ukiitizama kwa mbali ina adabu kama boti zetu za huku. PT ina chini ya pembe, rahisi kuifunika kwa plaiwudi, kwa hivo kama hujawahi kuunda kitu na una haraka ya kuiona majini basi chukua PT. Kama una subira chukua HDML, utajifunza zaidi.

Sababu nyengine ya kuchagua aina hizi ni kwamba baadhi yake bado zipo. HDML 1387, siku hizi inaitwa Medusa, iliundwa 1943 na ipo Gosport Uingereza inaelea. PT-617 ya Elco ipo Fall River, Massachusetts, kwenye makumbusho ya Battleship Cove, na PT-305 ya kampuni ya Higgins ipo New Orleans. Boti ikiwa hai maana yake picha za rangi zipo tele, za kila kona, mpaka vishikio vya milango. Ila uangalie sana, Medusa baada ya vita ilitumika kupima bahari na ikabadilishwa vitu, kwa hivo picha ya leo isikuamulie kila kitu kilichokuwepo juu ya deki mwaka 1944. Picha ya leo itumie kwa umbo na kwa vitu vidogo, mambo ya silaha na mlingoti yafate picha za wakati ule.

Haya, sasa ramani yenyewe. Mtu akiniletea picha ya boti kwa ubavu na vipimo viwili akaniambia kapata ramani namwambia hujapata bado. Ramani ya kuundia ina sura tatu. Ya kwanza boti kwa ubavu, unaona mkuku (uti wa chini), omo (mbele), tezi (nyuma) na mkunjo wa deki. Ya pili boti kwa juu, nusu tu, inaonyesha upana unavokwenda. Ya tatu, na hii ndo roho ya kazi, ni boti imekatwa vipande kama mkate kisha ukatizama kila kipande kwa mbele, mistari imepandana, kulia vipande vya kuanzia omo mpaka katikati, kushoto vya kuanzia katikati mpaka tezi. Kila mstari pale ni taruma moja. Bila hii sura ya tatu huwezi kukata kitu, utakuwa unakisia tu. Ukitafuta andika kwa Kiingereza kwa sababu makumbusho na maduka ya kule yameorodhesha hivo, andika jina la boti kisha "lines plan" au "body plan", hizo ndo zenye mataruma. Ukiandika "general arrangement" utapata ule mchoro wa mpangilio, vyumba viko wapi, mzinga uko wapi, mzuri sana kwa deki lakini hauna umbo. Unahitaji zote mbili na mara nyingi zinauzwa mbali mbali, mie nilinunua wa mpangilio mwanzo nikidhani nimemaliza.

Utafutaji wenyewe uanze na vya bure. Kwa boti za Kimarekani hapa kuna neema, michoro na vitabu vya mafunzo vilivyotengenezwa na serikali ya Marekani havina haki miliki, na vingi vimeskaniwa. Ingia kwenye katalogi ya Nyaraka za Taifa za Marekani, na ingia kwenye tovuti ya San Francisco Maritime National Park Association, hawa wameweka vitabu vingi vya jeshi la majini la wakati ule pamoja na michoro ya mpangilio ya meli, unasoma bila kulipa hata senti. Kwa boti za Kiingereza, picha zipo Imperial War Museum mtandaoni, na picha zilizopigwa na serikali ya Uingereza kabla ya Juni 1957 haki yake imeshaisha, unaweza kuzitumia. Usisahau Australian War Memorial, Australia walikuwa na Fairmile 35 na picha zao ni safi, wengine hawaendi kule kabisa.

Vya bure vikikuishia ndo uende vya kulipia. Ramani rasmi za meli za Kiingereza kwa sehemu kubwa zipo National Maritime Museum, Greenwich, unawaandikia unaulizia aina ya boti wanakuambia wana nini na nakala ni bei gani. Kuna ramani za jarida la Model Boats la Uingereza, zilizochorwa na waundaji wa boti ndogo wenyewe, hizi kwa anaeanza nazipenda zaidi ya ramani rasmi, mana mtu kashakutolea mataruma tayari kwa skeli ya kuundia (yaani boti imepunguzwa mara ngapi, 1/24 ni mara 24), ramani rasmi ilichorwa kwa ajili ya yadi na ina mistari mingi ambayo huihitaji. Na kuna John Lambert, mchoraji wa Kiingereza aliyezichora boti hizi ndogo za vita kwa miaka mingi, kitabu chake na Al Ross kinachoitwa Allied Coastal Forces of World War II, juzuu ya kwanza ina Fairmile na ya pili ina boti za torpedo za Vosper ya Uingereza na Elco. Ukimpata ndugu au jamaa yupo nje anarudi likizo mwombe akutafutie kilichotumika, kitabu kimoja kinakuweka mwaka mzima. Hata karatasi ya maelekezo ya kiti za plastiki (zile boti za kuunganisha zinazouzwa kwenye boksi) inasaidia, Italeri wana PT na Vosper kwa skeli ya 1/35, na zile karatasi unazipata mtandaoni, umbo la chini hazikupi lakini kwa mizinga na vifaa vya deki ni darasa.

Kwa hapa nyumbani, Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani nenda kwa habari ya bandari na vita, utaratibu wa kibali upo, uliza ofisini watakueleza. Mchoro wa yadi za Uingereza hauwezi kuwa pale kwa hivo usiende na tamaa hiyo. Lakini kwa mtu anaetaka kujua boti zilikuwa zinafanya nini kwenye maji yetu, pana thamani yake.

Ukiandika barua pepe ya kuulizia, andika fupi na sema kitu kimoja kimoja. Taja aina ya boti, taja namba kama unayo, sema unataka mchoro wa mistari ya umbo na wa mpangilio, sema ni kwa ajili ya kuunda boti ndogo ya kwako na si ya kuuza, uliza skeli ya mchoro wenyewe, na uliza kama wanatuma faili. Nasisitiza faili. Karatasi kubwa iliyokunjwa ikisafiri mpaka sanduku la posta inafika na mikunjo, na mkunjo ukipita juu ya mstari unakupotezea milimita, achilia mbali gharama ya kusafirisha. Kulipa siku hizi si tatizo, kadi ya kwenye simu inatosha kwa wengi wao.

Kabla hujaprinti, amua skeli. Hapa nataka mnisikilize vizuri mana ndo pameniumiza. Watu wanaangalia urefu tu. HDML kwa 1/48 ni kama sentimita 46, unasema vizuri inakaa mezani, kwa 1/24 ni sentimita 91, unasema kubwa. Lakini boti itakayoelea inaangaliwa kwa uzito, na uzito haupungui kama urefu, ukigawa urefu kwa 24 uzito unaugawa kwa 24 mara 24 mara 24. HDML ikiwa imebeba mizigo yake ilikuwa tani 54, fanya hesabu, kwa 1/24 boti yako nzima ikiwa na mota na betri na rangi iwe karibu kilo 4 ndo itakaa kwenye mstari wake wa maji. Kwa 1/48 unapata nusu kilo. Nusu kilo! Mbao yenyewe na betri vishaimaliza, na bado hujaweka mota mbili mana hii boti ina shafti mbili. Nimeunda ya kwanza kwa 1/48 ikazama mpaka karibu na deki, kazi ya miezi minne, sasa ipo juu ya kabati. Kama ni ya kuweka ndani ya nyumba chukua skeli yoyote, kama ni ya kwenda majini anza kwa kupiga hesabu ya kilo.

Ukishajua skeli ndo unakwenda steshenari. Ramani nyingi za Kiingereza zimechorwa robo inchi kwa futi moja, hiyo ni 1/48, au nusu ya hiyo ambayo ni 1/96. Kutoka 1/48 kwenda 1/24 unakuza asilimia 200, kutoka 1/96 asilimia 400. Ukikuza hivo na unene wa mstari unakua, mstari wa nusu milimita unakuwa milimita 2, kwa hivo amua kabisa utakata ndani ya mstari, nje au katikati, na mataruma yote yafate hivo hivo. Mwambie kijana wa steshenari asiruhusu mashine ijipangie ukubwa wenyewe. Ile programu ya kuprinti ina tabia ya kuipunguza kurasa kidogo ili ienee kwenye karatasi, inaweza kupunguza asilimia 3 au 4 na kwa macho huoni kitu, lakini kwenye boti ya sentimita 91 hiyo ni karibu sentimita 3 au zaidi. Awekee asilimia mia halisi. Chora mstari wa sentimita 10 pembeni ya faili kabla hujapeleka, na karatasi ikitoka tu weka rula juu ya ule mstari pale pale kaunta, isipokuwa 10 kamili mrudishie. Na ipime kwa mlalo na kwa wima, zipo mashine zinazovuta upande mmoja.

Kama pana plota ya karatasi kubwa tumia hiyo, mjini wanaochora majengo wanazo. Kama hakuna, A4 zinaungika, HDML ya 1/24 inataka karatasi nne kwa urefu ukiacha sehemu ya kupandisha. Sura ile ya mataruma kwa bahati inaenea kwenye A4 moja, upana wake ni sentimita 20 tu, kwa hivo hiyo usiikate kate.

Sasa ikague. Pima urefu wote na upana wa katikati, zidisha kwa skeli, linganisha na vipimo vya boti halisi. Kisha chukua taruma lolote, tuseme la tano, pima nusu upana wake kwenye mstari wa maji katika ile sura ya vipande, halafu nenda sura ya juu pima pale pale penye namba tano. Lazima ziwe sawa. Zisipokuwa sawa ramani imechorwa vibaya au imeprintiwa vibaya. Mie napima mataruma matatu, moja la mbele moja la kati moja la nyuma, na nikikuta tofauti ya zaidi ya milimita moja nasimama. Angalia pia kama mistari imechorwa kwa nje ya ubao au kwa ndani yake, mara nyingi imeandikwa pembeni kwa herufi ndogo, kama ni ya nje na wewe utafunika kwa ubao wa milimita 2 basi kila taruma lipunguzwe milimita 2 kuzunguka, ukisahau boti inanenepa.

Kwa wale ambao boti yao haina ramani kabisa, picha inaweza kukusaidia kama unajua kipimo kimoja cha uhakika. Chukua Mimi na Toutou, vile viboti viwili Waingereza walivyovivusha nchi kavu mpaka Ziwa Tanganyika mwaka 1915 kupigana na Wajerumani, tunajua vilikuwa futi 40. Ukipata picha iliyopigwa kwa ubavu kabisa, ikuze mpaka boti iwe sentimita 20, hapo kila sentimita ni futi 2 na unaweza kupima kila kitu kilichopo kwenye ubavu ule, urefu wa chumba, mzinga ulipo, kimo cha deki juu ya maji. Picha iwe ya ubavu kweli, ikigeuka kidogo tu omo inakuja karibu inakuwa kubwa na vipimo vyote vinakudanganya. Na kilichopo chini ya maji hukioni, pale unahitaji boti nyengine ya yadi ile ile na miaka ile ile uazime umbo. Hii ndo njia ninayoitumia saivi kwa Helmuth, taratibu, na sijakata hata ubao mmoja mpaka nipate picha ya ubavu.

La mwisho, ramani ukishaikagua mwenyewe mpelekee fundi wa majahazi. Mafundi wetu hawana karatasi, mkuku ukishalazwa taruma linakwenda kwa jicho, na jicho lile linaona kitu ambacho rula haioni. Mie nilikwenda Nungwi na ile ramani ya HDML nimeiunganisha kwa gundi, nikamtandazia mzee mmoja kwenye mchanga chini ya kivuli. Akaniuliza, "Mwanangu, chombo hichi cha wapi?" nikamueleza. Hakuuliza skeli, hakuuliza vipimo. Akachuchumaa upande wa tezi, akafumba jicho moja, akapitisha kidole kwenye mstari wa deki taratibu mpaka karibu na katikati, akasimama. "Hapa pana tumbo," akasema, "ubao hautokubali." Nikainama nikatizama, sioni kitu. Akachukua ufito mwembamba akaulaza kwa ubavu juu ya mstari, kweli ufito ukawa hauufati mstari, palikuwa na mwanya kama wa ukucha. Nikageuza karatasi kwa nyuma: ni pale pale A4 ya pili na ya tatu zilipoungwa, moja imepanda juu milimita moja na nusu. Nilibandua palepale, nikaungisha upya kwa kufata ufito wake, na mataruma nilikata wiki ile ile.